Kiingereza hakina Mufti

Ndugu msomaji, makala ya leo ni ya kulipa deni. Nadaiwa na mwanafunzi wangu mmoja, na deni lenyewe ni jibu la swali aliloniuliza, ambalo nililijibu kwa haraka haraka kwa sababu muda wa darasa ulikuwa umekwisha na adhana ya Isha ilikuwa inakaribia.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nafundisha jioni, baada ya Maghrib, katika chumba cha kukodi huku Magomeni, Dar es Salaam. Wanafunzi wangu ni watu wazima: wauza maduka wa Kariakoo, madereva, mafundi simu, akina mama wawili watatu wenye biashara zao, na kijana mmoja anayefanya kazi ya mapokezi hotelini. Huyo ndiye anayenidai. Nitamwita Hamisi, ingawa si jina lake.

Mama yake Hamisi alifariki, Allah amrehemu, akaacha nyumba Tanga. Katika mirathi kukatokea tatizo juu ya ndugu yao mmoja, ikabidi waende kwa sheikh kuuliza. Siku hiyo Hamisi aliomba ruhusa ya kutoka kazini mapema. Mgeni mmoja, mzee wa Kiingereza ambaye kila asubuhi walikuwa wakizungumza habari za mpira, akamuuliza anakwenda wapi mbio namna ile. Hamisi, kwa Kiingereza safi kabisa ambacho mimi mwenyewe nilimfundisha, akamjibu kwamba anakwenda kwa sheikh kuchukua fatwa kuhusu ndugu yake.

Mzee yule hakusema kitu. Asubuhi yake Hamisi akaitwa na meneja. Akaulizwa ndugu yake amefanya nini, na huyo sheikh ni nani, na yeye Hamisi ni mtu wa kundi gani. Akaeleza weee, lakini walikwishaingiwa na hofu. Akaondolewa mapokezi, akapelekwa stoo ya mashuka mpaka jambo "litazamwe". Stoo ya mashuka, ndugu msomaji, haina bahashishi.

Jioni ile akaja darasani, hakukaa. Akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba fatwa ni neno la Kiingereza, limo kwenye kamusi, ukatuonesha na ukurasa. Nimelitumia, limenitoa mapokezi. Sasa huko Uingereza ni nani anayehusika na maneno? Nataka kumwandikia."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Nikamwambia hakuna mtu huyo. Akadhani nampiga chenga. Kusema kweli ilikuwa vigumu kumlaumu, maana hata watu waliosoma sana wanaamini kwamba Kiingereza kina wakubwa wake mahali fulani, pengine katika jumba kubwa la London, ambao hukaa kikao na kusema neno hili lipite, lile lisipite.

Dhana hiyo imetoka wapi? Nadhani imetoka kwa wengine ambao kweli wana wakubwa hao. Wafaransa wana Akademia yao tangu mwaka 1635. Waarabu nao wana majumui ya lugha: ya Damascus ilianza 1919 na ya Cairo 1932. Sisi tunalo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967. Hata hivyo, mwenye baraza na asiye na baraza wote mwishowe hupelekwa na mitaa. Wako waliopendekeza tuseme ngamizi, wako waliosema tarakilishi, na mtoto wa Manzese akasema kompyuta. Nenda dukani kaulize ngamizi uone.

Waingereza hawana hata hilo baraza. Si kwamba hakuna aliyelitaka. Mwaka 1712 Jonathan Swift, mwandishi wao mashuhuri, aliandika waraka kwa kiongozi mkubwa wa serikali akitaka iundwe jumuiya ya wataalamu wa kuisafisha lugha na kuifunga isiendelee kubadilika. Swift alikuwa na chuki ya pekee na maneno yaliyokatwa katwa. Alilolichukia sana ni "mob", yaani kundi la watu wenye fujo, ambalo wahuni wa London walikuwa wamelikata kutoka maneno mawili marefu ya Kilatini. Malkia Anne akafa mwaka 1714, serikali ikabadilika, na mpango ukafa naye. Swift mwenyewe akafa mwaka 1745. "Mob" liko hai mpaka leo, liko hata katika sheria na mahakama.

Sasa kama hakuna mlinzi wa mlango, kamusi wanaziandikaje? Hapa ndipo penye darasa lenyewe, nami ningependa Hamisi na wenzake walisome taratibu.

Mwaka 1857 chama kimoja cha wanazuoni wa lugha mjini London kilitambua kwamba kamusi zilizokuwepo zina mapengo makubwa, pamoja na ile maarufu ya Samuel Johnson ya mwaka 1755. Wakakusudia kuandika kamusi ya maneno yote. Kazi ikasuasua mpaka mwaka 1879 alipokabidhiwa James Murray, mwalimu wa shule kutoka Scotland, mtoto wa mshonaji, aliyeacha shule akiwa na miaka 14 na kujisomea mwenyewe lugha nyingi. Murray akajenga banda la mabati uwanjani kwake, akalijaza mbao zenye matundu ya kupangia karatasi. Kisha akatoa tangazo kwa kila asomaye Kiingereza popote alipo: soma vitabu, ukikutana na neno, chukua kikaratasi, andika neno hilo, andika sentensi nzima uliyoliona ndani yake, andika jina la kitabu na mwaka wake, ulete kwangu.

Vikaratasi vikamiminika kwa mamilioni. Watoto wa Murray, naye alikuwa nao kumi na mmoja, walikuwa wakilipwa visenti kuvipanga kwa herufi. Mmoja wa waletaji wakubwa alikuwa daktari wa jeshi la Marekani, William Minor, aliyekuwa amefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kwa kumuua mtu London mwaka 1872. Hakuulizwa cheo wala hakuulizwa akili. Kilichotazamwa ni kikaratasi chake: je, neno lipo, limetumiwa na nani, lini, kwa maana gani? Sehemu ya kwanza ya kamusi ilitoka mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928. Murray hakuiona ya mwisho, alikufa mwaka 1915 akiwa bado kazini. Hiyo ndiyo kamusi kubwa ya Oxford ambayo leo kila mtu anaitaja.

Umeona mambo yalivyo? Kamusi kwao ni daftari la mahudhurio. Mwalimu hamwiti mwanafunzi aje duniani kwa kuandika jina lake daftarini. Anamwandika kwa sababu amemkuta kakaa pale. Kazi hiyo inaendelea hivyo hivyo hadi leo, isipokuwa vikaratasi vimekuwa kompyuta. Wahariri wanatafuta ushahidi kwamba neno limetumiwa na watu mbalimbali, mahali mbalimbali, kwa muda wa kutosha, na kwamba msomaji analielewa bila kuelezwa. Likishatimiza hayo linaandikwa. Na jambo ambalo Hamisi halitamfurahisha, kamusi ile ya Oxford haina desturi ya kufuta. Neno likishaandikwa limeandikwa. Likifa, wanaweka alama tu kwamba halitumiki tena.

Lakini tusiwafanye malaika. Msomaji, nataka usimame hapa kidogo. Katika ile sehemu ya kwanza ya mwaka 1884, iliyohusu mwanzo wa herufi A, Murray na washauri wake walilikuta neno "African". Wakajadiliana. Wakaona kwamba ni sifa tu itokanayo na jina la mahali, wakianza kuingiza hayo itabidi waingize ya kila nchi, basi wakaliacha nje. Miezi ikapita, wakafika kwenye "American". Hapo wakakuta kuna maneno mengine yaliyozaliwa nalo ambayo hayawezi kuelezwa bila kulieleza lenyewe kwanza. Wakaliingiza. Ndipo mtu akauliza, kama huyu ameingia, kwa nini yule aliachwa? Swali likaja wakati kurasa za nyuma zimekwishapita. Murray mwenyewe aliyaeleza haya hadharani katika dibaji, tena kwa kukiri kwamba huenda kanuni ilishikwa kwa ukali kupita kiasi. Mwafrika akasubiri mpaka nyongeza zilizochapishwa baadaye.

Na tazama mwaka. 1884 ndio mwaka ambao wakubwa wa Ulaya walikwenda Berlin kukaa kikao cha kugawana bara hili. Sisemi Murray alikuwa na njama, sina ushahidi huo, na mtu anayeeleza kosa lake mwenyewe katika dibaji si mtu wa njama. Ninachosema ni kwamba watu wa Oxford walikuwa na vikaratasi vingi kuhusu Marekani, na maneno ya Marekani yalikuwa yanazaana mbele ya macho yao, kwa sababu Wamarekani walikuwa wanaandika kwa Kiingereza na kusomwa. Asiyeandika hakupata kikaratasi.

Basi neno jipya hutoka wapi kabla halijafika kwenye kikaratasi? Watu wengi wanadhani mtu hukaa akalibuni. Ni mara chache sana. Mwanachuoni mmoja wa Uingereza, William Whewell, alibuni neno "scientist" katika miaka ya 1830, na wanasayansi wengi wa kwao wakalikataa kwa miaka mingi wakiliona la ovyo. "Robot" lilitoka katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, Mcheki, ulioandikwa mwaka 1920, nalo lilichukuliwa kwenye neno la kwao lenye maana ya kazi ya shokoa. Maneno mengi yana asili duni zaidi ya hapo. Mengine ni ya kukata: "bus" ni mkia tu wa neno refu la Kilatini "omnibus", lenye maana ya "kwa ajili ya wote", nasi tukachukua huo mkia tukasema basi. Mengine ni ya kuunga, kama "smog", ambalo ni moshi na ukungu vimefungwa kamba moja.

Na mengine yametokana na kosa. Hili huwa nalipenda sana kulifundisha, kwa sababu wanafunzi hudhani sisi tu ndio tunaokosea. Zamani Mwingereza alisema "pease" kwa mbegu za njegere. Watu wakaisikia ile "s" ya mwisho wakadhani ni ya wingi, wakasema basi moja itakuwa "pea". Kosa hilo leo ndilo Kiingereza sanifu. Sisi nasi tulilipokea neno la Kiarabu kitabu, ambalo wingi wake kwa Waarabu ni kutub, tukasikia "ki" mwanzoni, tukafanya vitabu. Ikaja barabara ya mzunguko yenye kibao cha Kiingereza cha kuamuru ushike kushoto, tukasikia "ki" tena, tukapata kiplefti, na vikiwa viwili ni viplefti. Dereva wa daladala anayesema viplefti anafanya kazi ile ile aliyoifanya mkulima wa Uingereza na njegere zake.

Nitoe mfano mmoja wa neno lililoingia mbio, kwa sababu unaonesha vizuri nani hasa anayelisukuma. Mwaka 1880, katika jimbo la Mayo magharibi mwa Ireland, alikuwepo Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa mashamba ya lodi mmoja. Mavuno yalikuwa yamekuwa mabaya, wapangaji wakaomba wapunguziwe kodi ya ardhi, naye akataka kuwatoa. Watu wakaafikiana wasimguse wala wasimpige, bali wamtenge. Wafanyakazi wakaondoka shambani, watumishi wakaondoka nyumbani, wenye maduka wakakataa kumuuzia, hata barua zake hazikupata mtu wa kuzipeleka. Ikabidi waletwe watu kama hamsini kutoka kaskazini kuja kumvunia, wakilindwa na askari na polisi wapatao elfu moja. Gharama ya kuyalinda mazao ikawa mara nyingi kuliko thamani ya mazao yenyewe. Kabla mwaka haujaisha Boycott akaondoka Ireland.

Padri wa eneo lile, John O'Malley, alikuwa akizungumza na mwandishi wa habari wa Marekani, James Redpath, wakitafuta jina la jambo hili. Kiingereza kilikuwa na neno lake lililotoka Ugiriki, zito la kisomi. Padri akaona wakulima wake hawatalielewa, akapendekeza waseme tu wana-"boycott". Wiki chache baadaye magazeti ya London yalikuwa yakilitumia kama kitenzi, na haikuchukua muda mrefu Wafaransa na Wajerumani wakalichukua. Jina la kapteni limebaki kwa tendo alilofanyiwa. Nani alilipitisha? Si bunge wala chuo. Wakulima maskini walilitamka kwa sababu walikuwa na jambo la kulitaja kila siku, na waandishi wa magazeti wakalisambaza. Hiyo ndiyo njia kuu: haja ya watu, kisha maandishi.

Sasa tuje kwenye maneno ya kuazima, maana huko ndiko aliko Hamisi na fatwa yake.

Kiingereza ni mkopaji asiye na aibu. Sukari, pamba, kahawa, sifuri, yote Kiingereza kimeyapata, moja kwa moja au kwa kupitia mikono ya Wataliano, Wahispania, Wafaransa na Waturuki, kutoka Kiarabu. "Algebra" ni al-jabr, neno lililomo katika jina la kitabu cha Al-Khwarizmi alichokiandika Baghdad mnamo mwaka 820, kikatafsiriwa kwa Kilatini huko Hispania mwaka 1145. Kwa Kiarabu jabr ni kuunga na kurudisha mahali pake, ikiwa ni pamoja na kuunga mfupa uliovunjika, na kuna wakati hata katika Kiingereza "algebra" liliwahi kuwa na maana ya uganga wa mifupa. Jina la Al-Khwarizmi mwenyewe ndilo lililozaa "algorithm", ambalo sasa kila mwenye simu anasikia kwamba ndilo linaloamua aoneshwe nini.

Lakini neno likiazimwa haliji na maana yake yote. Mfano mchungu kuliko yote ni huu. Kuhl kwa Kiarabu ni wanja, huo huo wanaojipaka mama zetu. Al-kuhl. Wataalamu wa kemia wa Ulaya walilichukua kwa maana ya unga laini sana uliosafishwa, kama ulivyo wanja. Kisha wakalipanua liwe kiini chochote kilichotolewa kwa kusafisha. Kisha wakasema al-kuhl ya mvinyo, yaani kiini cha mvinyo. Kisha mvinyo ukaanguka njiani, kikabaki "alcohol". Wanja umegeuka kuwa pombe, na hakuna Mwarabu aliyeulizwa.

Letu la pwani ni safari. Tumelipata kwa Waarabu, tukalifanya letu, na katikati ya karne ya 19 wasafiri wa Kiingereza kama Richard Burton, waliopita hapa wakielekea bara, wakaondoka nalo katika vitabu vyao. Kwetu mtu akienda Chalinze kumwona shangazi yake yuko safarini. Kwa Mwingereza safari ina tembo. Ilianza na bunduki, sasa ina kamera, lakini pasipo na mnyama hapana safari. Kwa nini? Kwa sababu walioliandika kwa Kiingereza walikuwa wawindaji, si shangazi zetu wa Chalinze.

Na fatwa je? Neno hilo si geni Uingereza. Tangu karne ya 17 wasafiri waliokwenda dola ya Uthmaniyya walikuwa wakiliandika katika vitabu vyao kwa maana yake sahihi: jibu la kisheria analolitoa mufti kwa aliyemuuliza. Lakini lilikaa vitabuni kama nguo ya sandukuni. Kisha ikaja Februari 1989, Ayatullah Khomeini wa Iran akatoa fatwa ya kuuawa kwa mwandishi Salman Rushdie kutokana na kitabu chake. Katika muda mfupi neno ambalo Waingereza wachache walilijua likawa juu ya kila gazeti na katika kila taarifa ya habari. Mamilioni ya watu walikutana nalo kwa mara ya kwanza siku hiyo, na walikutana nalo likiwa na maana hiyo moja. Ukiifungua kamusi, mara nyingi utakuta maana imeandikwa sawa sawa: hukumu au rai itolewayo na mwanachuoni wa Kiislamu. Ndiyo maana mimi niliwafundisha wanafunzi wangu bila wasiwasi. Lakini katika kichwa cha yule mzee pale hotelini hapakuwa na kamusi. Palikuwa na magazeti ya 1989. Kijana anatoka mbio kwenda kwa sheikh kuchukua fatwa kuhusu ndugu yake. Yeye amesikia mtu anakwenda kuuawa.

Hapa mimi mwalimu nina lawama yangu, nami naikubali. Nilimpa mwanafunzi neno lililo sahihi, sikumwambia linabeba mzigo gani.

Je, kulalamika kunasaidia? Tuwatazame waliolalamika wakiwa na fedha. Kampuni ya McDonald's ya Marekani ilichukizwa na neno "McJob", ambalo watu walilitumia kwa maana ya kazi ya mshahara mdogo isiyo na mbele. Mwaka 2003 mkuu wa kampuni aliandika kuilaumu kamusi ya Merriam-Webster kwa kuliingiza. Mwaka 2007 tawi lao la Uingereza likakusanya saini za watu kutaka maana yake ibadilishwe katika kamusi za huko. Jibu walilolipata ni lile lile ambalo Hamisi angelipata: sisi tunaandika watu wanavyosema. Neno limebaki. Kama kampuni yenye mabango dunia nzima imeshindwa kulihamisha neno moja, barua kutoka Magomeni ingefika wapi?

Lakini mlango usio na mlinzi uko wazi kwa wote, na hapo ndipo Hamisi aliponikata kauli kabla sijamaliza siku ile. Tazama "halal". Limeingia katika Kiingereza cha kawaida kwa vibao vya mabucha na migahawa ya Waislamu katika miji ya Uingereza. Walikuwa wanauza nyama, wakaandika neno lao ukutani, na hawakuomba ruhusa. "Islamophobia" lilikuwepo tangu zamani likitumiwa mara moja moja, lakini ilikuwa mwaka 1997, taasisi ya Runnymede Trust ya Uingereza ilipotoa ripoti yenye jina hilo, ndipo likaingia katika vinywa vya wanasiasa na waandishi. "Burkini" limeundwa na mwanamke wa Sydney, Aheda Zanetti, mzaliwa wa Lebanon, aliyebuni vazi la kuogelea la stara mwaka 2004. Alikuwa na nguo ya kuuza, nguo ikahitaji jina. Na mwaka 2022 Oxford walitangaza kundi zima la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, wakiwemo "sambaza" la salio la simu na "chips mayai". Nilipolisoma la chips mayai darasani, mama mmoja muuza kanga akasema, "Yaani wametuuzia chipsi, tumezikaangia mayai, wamezinunua tena." Sijapata kuona maelezo bora kuliko hayo.

Jumamosi iliyofuata Hamisi alikuja kwangu nyumbani tuandike barua. Si ya Oxford. Ya meneja wake. Mimi nikaanza rasimu, na pale palipotakiwa neno lenyewe nikaandika kwa Kiingereza kwamba alikwenda kupata ushauri wa kidini. Niliona ni busara, kazi irudi, mambo yaishe.

Hamisi akaisoma, akachukua kalamu, akapiga mstari. "Mwalimu, hiki sicho nilichokisema. Nikiandika hivi nitakuwa nakiri kwamba lile neno lilikuwa baya."

Nikamwambia afikirie bahashishi. Akasema anafikiria. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikampisha kiti, akaandika mwenyewe, nami nikasahihisha tahajia tu. Aliandika kwamba fatwa ni jibu la swali. Kwamba mama yao alimlea mtoto asiye wa damu, aliyekua pamoja nao na kulala chumba kimoja na yeye, na kwamba huyo ndiye ndugu anayemtaja. Kwamba mtoto wa kulea hana fungu katika mirathi, lakini marehemu alikuwa ameusia kwa maandishi apewe sehemu ya nyumba, na baadhi ya wajomba walisema wasia huo ni batili. Na kwamba fatwa waliyopewa siku ile ilisema wasia kwa asiye mrithi unasimama ilimradi hauzidi theluthi, kwa hiyo ndugu yake apewe chake.

Barua ilikuwa ukurasa mmoja, na neno fatwa lilikuwemo mara nne. Ilipelekwa siku ya Jumatatu. Hadi naandika haya Hamisi bado yuko stoo ya mashuka, ila juzi meneja amemwomba nakala ya pili, ili ipelekwe kwa yule mzee, ambaye amekwisharejea kwao na ameacha anwani.